Unaoa Mombasa na mfuko ni mwepesi: milango minne ya serikali, na kila mmoja unamfaa nani

Barua ya posa ikijibiwa kwa heri, furaha hukaa siku mbili tatu. Kisha watu hukaa mkekani na kalamu. Mahari. Sanduku la bibi harusi na leso zake kutoka Biashara Street. Ukumbi wa kupamba, mpambaji, mtia hina, mpishi na masufuria yake, mchele, nyama, magari. Halafu mtu mmoja, mara nyingi yule aliyekuwa kimya tangu mwanzo, huuliza: na watalala wapi? Hapo huongezwa kodi ya mwezi wa kwanza, deposit ya mwenye nyumba, kitanda, godoro na mtungi wa gesi, na jumla ya karatasi ile huwa imeshapita mshahara wa kijana wa miezi mingi.

Mimi ni shangazi wa vijana wanane, na kwa desturi yetu shangazi haachwi nje ya vikao hivyo. Swali ninalolisikia kila mara ni hili: "Kwani serikali haina kitu cha kutusaidia?" Huulizwa na vijana wenye nia safi, wanaotaka kuoana kwa uwazi mbele ya wazee wao, nao wanastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Huwa wamesikia ya wenzetu. Wenye jamaa Uarabuni hutaja Falme za Kiarabu, ambako mfuko wa ndoa ulioundwa 1992 huwapa raia wa kiume wenye kipato kidogo msaada wa dirhamu 70,000. Nigeria, serikali ya jimbo la Kano imekuwa ikiozesha watu kwa pamoja. Oktoba 2023 jozi 1,800 zilifungishwa ndoa kwa gharama ya jimbo. Japani, kupitia miji inayoshiriki mpango huo, wanandoa wapya ambao wote hawajapita miaka 29 na wenye kipato cha kawaida wanaweza kupata hadi yeni 600,000 za kodi na kuhamia. Kenya hatuna mfuko wa namna hiyo. Tulicho nacho ni milango minne ambayo juu yake hakukuandikwa neno harusi, lakini anayeijua anaweza kuitumia.

Wa kwanza ni Hustler Fund, mkopo wa serikali unaoingia kwenye simu. Wa pili ni Uwezo Fund, mkopo wa kikundi. Wa tatu ni mpango wa nyumba za bei nafuu, ule wa kujiandikisha kwenye tovuti ya serikali iitwayo Boma Yangu. Wa nne watu hawauhesabu kuwa ni msaada: sheria na ofisi zinazokuwezesha kufunga ndoa kamili kwa gharama ndogo, kwa Kadhi au imamu aliyeidhinishwa, kanisani, au kwa Msajili wa Ndoa, bila ukumbi wala msafara. Huu nitauita ndoa nyepesi.

Nimeipima yote kwa maswali matano: unapata nini na lini, inakugharimu nini, nani anaruhusiwa kupita, inafaa kulipia nini, na mambo yakikwama nani anaumia. Ukiwa na haraka, soma swali la pili na la tano. Hapo ndipo vijana wengi niwajuao wamejikwaa.

Unapata nini, na lini

Hustler Fund ndiyo ya haraka kuliko zote: unaomba na pesa inaingia kwenye simu. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, na mkopo wa mtu binafsi ni kati ya shilingi 500 na 50,000. Lakini usiione hiyo 50,000 ukadhani ndiyo yako. Mfumo hukupangia kiwango kulingana na unavyokopa na kulipa, na wengi huanza na kiasi kidogo mno. Tena hupokei chote ulichoomba: asilimia 5 huwekwa kando kama akiba yako. Ukikopa 10,000, mkononi unashika 9,500.

Uwezo Fund, iliyozinduliwa 2013, hukipa kikundi kati ya 50,000 na 500,000. Si ya haraka. Kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwa angalau miezi sita na kiwe na desturi ya kuchanga na kukopeshana, na maombi hupitia eneo bunge lenu, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Anayekusanya wenzake leo ajipange kwa mwaka ujao, si kwa harusi ya baada ya Idi.

Mpango wa nyumba haukupi shilingi. Unachopata ni nafasi ya kuomba nyumba na kuilipia kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mahali pa kuweka akiba ya malipo ya awali. Aliyepita Buxton ameona nyumba za zamani za kaunti zikibomolewa na majengo mapya yakisimama. Lini jina lako litafikiwa, hakuna ofisa atakayekuahidi tarehe.

Ndoa nyepesi nayo haikupi pesa. Inapunguza unachohitaji kutafuta. Kwa Muislamu, yanayotakiwa kwenye nikahi ni walii, mashahidi wawili, mahari, na ijabu na kabuli, yaani tamko la kuoza na la kukubali. Ukumbi haumo. Kwa ndoa ya Msajili, mnatoa notisi ya siku 21, mnafungishwa mbele ya mashahidi, mnaondoka na cheti. Na cheti hicho kina thamani ambayo wengi wameisahau. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa inasimamiwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na mchango wa mwanachama unamhudumia mwenzi wake na watoto pia. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75, yaani shilingi 825 kwa mshahara wa 30,000. Kijana anayekatwa pesa hizo kila mwezi na hajamsajili mke wake anaacha msaada wa serikali mezani.

Inakugharimu nini, na suala la riba

Kwa hesabu tupu, Hustler Fund ni rahisi. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku. Mkopo wa 10,000 kwa siku 14 unazaa shilingi kama 31. Mikopo mingine ya simu haikaribii hapo. Gharama yake halisi ni muda: hizo siku 14 ndizo ulizopewa. Bwana harusi anayekopa wiki ya harusi anatakiwa kulipa akiwa bado kwenye fungate, siku ambazo wengi hawajarudi hata kazini.

Kisha kuna riba yenyewe. Kwa sisi Waislamu wa Mombasa hili si jambo la pembeni. Nimewasikia vijana wakisema, "Shangazi, ni shilingi thelathini na moja tu." Lakini riba haipimwi kwa ukubwa wake. Mimi si mwanachuoni, na sitatoa hukumu hapa. Ninachowaomba ni kwamba swali hili lijibiwe kabla ya nikahi, na lijibiwe na wawili, pamoja na sheikh mnayemwamini, asiachiwe bwana harusi peke yake usiku wa manane na simu mkononi.

Uwezo haina riba. Kuna ada ya uendeshaji ya asilimia 3, kwa hiyo kikundi kikipewa 100,000 ada ni 3,000. Mnapewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa, na deni lote lina miaka miwili. Kuna wanaoiona ada hiyo kuwa ni gharama ya kazi na kuna wanaotaka kuiuliza zaidi, ulizeni. Gharama isiyoandikwa ni mikutano, michango ya kila wiki, na subira na wenzako.

Nyumba ya bei nafuu ina malipo ya awali, kisha malipo ya kila mwezi ambayo ndani yake mna riba pia, ingawa ni ya chini kuliko ya mkopo wa kawaida wa benki. Mwajiriwa ajue pia kwamba ameshaanza kuulipia mpango huu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata asilimia 1.5 ya mshahara, shilingi 450 kwa mwenye 30,000, apate nyumba au asipate. Wengine hujiandikisha kwa sababu hiyo tu, nami sioni ubaya.

Ada za ndoa nyepesi ni ndogo. Haziwezi kufananishwa na kodi ya ukumbi wa usiku mmoja. Bei yake kubwa hulipwa kwa maneno ya watu. Nataka kulisema hili kwa heshima, kwa sababu huwa tunawaambia vijana wapuuze maneno ya watu kana kwamba ni upepo. Mama wa bibi harusi amekwenda kwenye harusi za wenzake miaka ishirini. Ametunza, amechanga, amekesha akipika, ameazima leso na kununua sare. Siku ya mwanawe anangojea kurudishiwa. Ukimwambia nikahi msikitini na sahani kumi za pilau, humpunguzii yeye gharama, unamfutia anachodai. Anayechagua mlango huu na aende akae na mama huyo kwanza, amsikilize, na aone kama kuna kitu kimoja kinachoweza kubaki. Mara nyingi ni usiku wa hina nyumbani, na ngoma ya akina mama kwenye kibaraza. Hivyo havihitaji ukumbi.

Nani anaruhusiwa kupita

Hustler Fund inamtaka mtu wa miaka 18 na zaidi, mwenye kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lake.

Uwezo ni ya vijana wa miaka 18 hadi 35, wanawake, na watu wenye ulemavu, wakiwa kwenye kikundi. Wachumba wawili si kikundi. Bibi harusi aliye na wanawake wenzake anaweza pia kutazama Women Enterprise Fund, iliyoanza 2007, ambayo nayo hukopesha vikundi. Na kuna NYOTA, ruzuku ya 50,000 ya kuanzishia biashara kwa vijana wa 18 hadi 29. Hiyo hailipwi, lakini nafasi zake zilihesabiwa kwa kila wadi na dirisha la maombi halikai wazi, kwa hiyo sikuiweka kwenye milango minne. Likifunguliwa na umri wako unaruhusu, omba.

Boma Yangu inataka kitambulisho na PIN ya KRA, na kipato chako ndicho kinachoamua ni nyumba za kundi gani unazoweza kuomba. Mwenye kipato cha kubahatisha, wa boda au wa gati, anaweza kujiandikisha, ila awe tayari kuonyesha kwamba ana uwezo wa kulipa kila mwezi.

Ndoa nyepesi iko wazi kwa wote, kwa sharti ambalo halina mjadala. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka wote wawili wawe wametimiza miaka 18 na kila mmoja aseme ndiyo kwa hiari yake. Mahari yakiwa tayari na binti ana miaka 17, ndoa hiyo haipo kisheria, na hakuna shida ya gharama inayohalalisha kumharakisha mtoto.

Inafaa kulipia nini

Hustler Fund inafaa kuziba pengo dogo la mwisho, pale unapojua pesa yako inaingia lini. Nauli ya wazee wanaotoka Lamu, mtungi wa gesi, mchele uliopanda bei wiki ya mwisho. Haifai kulipia mahari wala ukumbi.

Uwezo ni ya biashara, na kuichukua kwa jina la biashara kisha kuipikia biriani ni kuwasaliti wenzako kwenye kikundi. Inavyofaa niliiona kwa mmoja wa watoto wa kaka yangu. Yeye na wenzake wa Kisauni walikuwa tayari na kikundi chao cha kuchanga. Walinunua viti vya plastiki na mahema mawili, wakawa wanakodisha kwenye harusi na matanga. Faida yake aliiweka kando mwaka na zaidi, akatoa mahari bila kukopa, na siku yake viti havikulipiwa. Alichelewa kuoa, ni kweli. Mchumba wake alijua tangu mwanzo kwa nini wanangoja, na hiyo ndiyo iliyowavusha.

Mpango wa nyumba unafaa kwa makazi, na kwa nidhamu ya akiba. Wachumba wanaoweka elfu moja moja kila mwezi kabla ya ndoa wanajifunza jinsi kila mmoja alivyo na pesa. Usiutegemee kwa mwezi wa kwanza wa ndoa. Mwezi huo utakuwa chumba cha kupanga Bamburi, Likoni au Majengo, na kodi yake itafutwe kwingine.

Ndoa nyepesi inafaa kuokoa ile pesa ambayo ingekwisha kwa usiku mmoja ikaenda kwenye kodi ya miezi sita. Na hapa niseme jambo kuhusu mahari, kwa sababu nimeona yakichezewa. Mahari ni haki ya bibi harusi. Si ya baba yake wala ya kamati. Yanaweza kugawanywa, mengine yakatolewa siku ya nikahi na mengine yakabaki kuwa deni, na mkikubaliana hivyo yaandikwe. Deni hilo linadaiwa kwenye Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa Kifungu cha 170 cha Katiba inasikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaoikubali. Naona si sawa familia imwombe binti apunguze mahari yake, halafu pesa iliyookolewa ikaongezwe kwenye mapambo ya ukumbi. Kama kuna cha kupunguzwa, kianze kwa wageni.

Kwa wanaooana kimila, Wamijikenda wenzetu na waliotoka bara, ile Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mahari yanapohitajika kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo tu ya kuonyesha nia inatosha. Wazee wanaweza kudai mengine kwa utaratibu wao wa miaka, lakini ndoa haisimamishwi na mbuzi ambaye hajafika.

Mambo yakikwama

Ukichelewesha Hustler Fund, riba hupanda hadi asilimia 9.5, na ukiendelea kunyamaza unafungiwa kukopa. Pesa yenyewe si nyingi. Hatari ni mazoea. Nimemwona kijana akikopa huku kulipa kule, simu ikilia mchana kutwa, na mke wa wiki tatu akianza kuogopa kila inapolia.

Uwezo ikikwama, wanaoumia ni marafiki. Dhamana ya kikundi ni watu wenyewe, na mmoja asipolipa wengine wanabeba. Watu hao ndio waliosimama nyuma yako siku ya nikahi.

Kwenye nyumba, kukwama ni kungoja, na kungoja hakumuumizi mtu ila aliyekwisha kuwaahidi wakwe kwamba funguo ziko njiani.

Ndoa nyepesi inakwama mahali ambapo hatupaangalii. Binti wa dada yangu aliolewa kwa nikahi ya asubuhi, wageni hawakufika thelathini. Tulimwambia kupamba kutakuja baadaye, mambo yakitulia. Mambo hayakutulia, alipata mtoto, kisha wa pili. Juzi tulipokuwa tukimpamba binamu yake, alitoka nje akalia. Mimi ndiye niliyempa ahadi ile. Kwa hiyo mkiahirisha sherehe, semeni mwezi gani na anayeweka pesa ni nani, au mwambieni binti ukweli kwamba haitakuwepo na aamue akijua.

Kwa hali yako

Kama mna haraka ya kuoana na pesa hamna, labda mchumba anahamishwa kikazi au wazee wamechoka kungoja, ndoa nyepesi ndiyo inayoweza kukamilika mwezi huu. Nendeni kwa imamu aliyeidhinishwa, kwa padri, au kwa Msajili mkahesabu zile siku 21 mapema. Mama wa bibi harusi aambiwe kabla ya msikiti.

Kama kila kitu kimekamilika na kimebaki kitu cha elfu tatu au tano, na mshahara uko siku kumi mbele, Hustler Fund itawavusha, mradi suala la riba mmelimaliza wote wawili. Kama kilichobaki ni elfu sitini, huo si mlango wenu, hata mfumo ukikubali kukupa sehemu yake.

Kama uchumba ni mchanga na mna mwaka au miwili, anzeni na kikundi. Kikishasajiliwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, ile miezi sita inaanza kuhesabika, na hata Uwezo ikichelewa mnabaki na michango yenu. Kipato cha kubahatisha hakiwi kikwazo hapa, wala hofu ya riba haiwi kubwa.

Kama mmoja wenu ameajiriwa na mshahara unakatwa kila mwezi, jiandikisheni Boma Yangu sasa hivi, hata kama harusi ni ya mwakani. Halafu msahau habari ya funguo na mtafute chumba cha kupanga.

Wanaotaka harusi kubwa na wana jamaa wa kuichangia, hawakatazwi. Furaha ya watu wengi si ufujaji ikiwa hakuna anayekopa ili kuilisha. Ila michango hiyo ihesabiwe kabla ya kulipia ukumbi, kwa sababu ahadi za mkekani hupungua njiani.

Na mliooana kimila mkakaa bila karatasi, mna miezi mitatu tangu taratibu zikamilike kumjulisha Msajili. Ikiwa imeshapita, nendeni hivyo hivyo na vitambulisho vyenu, mwulizeni njia ya kuandikishwa, kisha mkasajiliane SHA wiki hiyo hiyo kabla mimba haijawa na miezi tisa.